Alibi: Kielezi Kilichopanda Kizimbani

Usiku mmoja wa Desemba mwaka 62 KK, wanawake wa tabaka la juu la Roma walikusanyika nyumbani kwa Julius Caesar kumwabudu Bona Dea, mungu wa kike ambaye ibada yake ilikuwa mwiko kwa wanaume. Publius Clodius, kijana mtukutu wa ukoo mkubwa, alivaa nguo za kike akajipenyeza ndani kama mpiga zeze. Kijakazi mmoja akamsemesha, sauti ikamuumbua.

Mwaka uliofuata alishtakiwa. Habari za zeze na nguo hakuhangaika nazo. Alidai kuwa siku hiyo hakuwepo Roma kabisa, alikuwa Interamna, mji ulioko mbali. Ndipo Cicero, wakili mashuhuri, alipotoa ushahidi kwamba siku ileile Clodius alifika nyumbani kwake, papo hapo Roma. Huo ndio udhaifu wa utetezi wa namna hii, ambao leo huitwa alibi: shahidi mmoja anayeaminika anatosha kuuvunja. Hata hivyo waamuzi, ambao wengi walikuwa wamekwisha kuhongwa, walimwachia huru kwa kura 31 dhidi ya 25. Kisasi cha Clodius kilikuja mwaka 58 KK: Cicero akaenda uhamishoni na nyumba yake ikabomolewa.

Kwa Warumi, alibi lilikuwa neno la kila siku, kielezi cha mahali kilichotokana na alius, "mwingine", na ibi, "pale". Maana yake ni kwingineko, basi. Waingereza ndio waliolipandisha kizimbani. Kumbukumbu za mahakama zao ziliandikwa kwa Kilatini hadi 1733, kwa hiyo wanasheria walichanganya lugha bila kuona ajabu. Mwanzoni walilitumia kama kielezi: mshtakiwa alijaribu kuthibitisha kuwa alikuwa alibi. Kabla karne ya 18 haijaisha likawa nomino, jina la utetezi wenyewe. Marekani ya karne ya 20 ikalishusha hadhi, likawa kisingizio chochote.

Mahakama za Tanzania zimelirithi pia. Kifungu cha 194 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka mshtakiwa anayekusudia kujitetea hivyo aiarifu mahakama na upande wa mashtaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kuamua kutoupa utetezi wake uzito wowote.