Vifurushi vya michezo ya video

Vifurushi vya michezo ya video ni huduma ambazo mchezaji hulipia kwa mwezi au kwa mwaka ili aweze kucheza michezo mingi iliyomo katika orodha ya kampuni, badala ya kununua kila mchezo peke yake. Huduma zinazojulikana zaidi kwenye konsoli ni PlayStation Plus ya Sony, Xbox Game Pass ya Microsoft na Nintendo Switch Online. Zinafanana na kifurushi cha king'amuzi: muda ukiisha, mchezo haufunguki tena mpaka mteja alipe.

Makala hii inaeleza huduma hizo pamoja na hali ya mnunuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye chaguo lake halifanani na la mnunuzi wa London au Johannesburg.

Historia

Wazo si jipya. Mwaka 1994 kampuni ya Sega ilianzisha Sega Channel nchini Marekani, iliyopeleka michezo nyumbani kupitia nyaya za televisheni. Xbox Live ilianza mwaka 2002, lakini malipo yake yalikuwa ya kucheza na watu wengine kwa intaneti tu. PlayStation Plus ilifuata mwaka 2010. Kwenye PlayStation 3 kucheza mtandaoni kulikuwa bure; tangu PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, michezo mingi ya kulipia inahitaji kifurushi ili kuchezwa mtandaoni.

Xbox Game Pass ilizinduliwa Juni 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi. Juni 2022 Sony iligawa PlayStation Plus katika ngazi tatu: Essential, Extra na Premium.

Bei zimepanda. Ngazi ya Ultimate ya Game Pass ilikuwa dola 14.99 mwaka 2019. Oktoba 2025 ilifikia dola 29.99 nchini Marekani. Mteja aliyejiunga kwa sababu ya unafuu habaki na michezo akiondoka.

Kununua na kukodi

Mwenye diski anaweza kuicheza, kumwazima jirani au kuiuza. Mwenye kifurushi amekodi tu. Michezo ya kila mwezi ya PlayStation Plus hubaki kwenye akaunti, lakini hufungwa uanachama ukikatika. Ile ya orodha kubwa ya Extra inaweza kuondolewa hata kama mteja analipa.

Kifurushi kina faida yake. EA Sports FC 24 ilitoka Septemba 2023 na kuuzwa karibu dola 70. Mei 2024 iliingia PlayStation Plus Essential bila malipo ya ziada. Aliyesubiri alipata nafuu kubwa. Hata hivyo, mashabiki wengi wa mpira hawapendi kusubiri, kwa kuwa vikosi huwa vimeshabadilika.

Konsoli zisizo na sehemu ya diski, kama PlayStation 5 Digital Edition ya mwaka 2020, humwachia mnunuzi duka moja tu, yaani la kampuni yenyewe. Anayenunua kwa sababu ni rahisi aelewe kwamba diski za mtumba hazitamfaa.

Hali ya Kariakoo

Kariakoo ni eneo la biashara katikati ya Dar es Salaam. Madukani humo hupatikana konsoli mpya na zilizotumika, pedi, nyaya na diski, ambazo mtaani huitwa CD hata zikiwa za Blu-ray. Bei hupatanwa, na diski ya zamani inaweza kuchangia malipo ya nyingine.

Kizuizi cha kwanza cha kifurushi ni nchi. Hadi mwaka 2025 Tanzania haikuwamo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network, ingawa Afrika Kusini imo. Mtanzania hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, na kadi ya malipo lazima ilingane nayo: vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Anayenunua vocha dukani aulize kwanza ni ya nchi gani.

Udhaifu wa njia hiyo ulionekana Mei 2024. Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network, na mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Baada ya malalamiko makubwa Sony iliacha sharti hilo ndani ya siku chache.

Kizuizi cha pili ni intaneti. Michezo mingi mikubwa huzidi gigabaiti 50, hivyo anayetegemea bando la simu hulipa mara mbili: kifurushi cha michezo na kifurushi cha data.

Kwa hiyo wengi hutumia njia nyingine. Wapo wanaonunua konsoli zilizoondolewa ulinzi wa programu na kujazwa michezo kwenye hadi diski. Ni rahisi, lakini nakala hizo hukiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na konsoli ya namna hiyo inaweza kufungiwa isiingie mtandaoni. Wengine hucheza eFootball, ambayo tangu mwaka 2021 ni ya bure na haihitaji PlayStation Plus.

Vijana wasio na konsoli huenda kwenye vibanda vya gemu, ambako mtu hulipa kwa mechi au kwa muda. Malipo hayo madogo huendana na kipato cha siku kuliko makato ya kila mwezi, na hayahitaji kadi ya benki.

Ulinzi wa mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji. Mnunuzi wa diski anaweza kurudi dukani na risiti yake. Mwenye akaunti iliyosajiliwa nchi nyingine yuko mahali pagumu zaidi: mkataba wake ni wa nchi hiyo, na akieleza kwamba anaishi Dar es Salaam, anakiri kwamba taarifa alizojaza hazikuwa sahihi.