Fremu Nyeupe za Pissarro

Aprili 1874, katika jengo nambari 35 la Boulevard des Capucines jijini Paris, wachoraji waliochoshwa na masharti ya Saluni, yale maonyesho rasmi ya serikali, walitundika kazi zao wenyewe katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpigapicha Nadar. Baadaye wangeitwa Waimpresionisti. Miongoni mwa picha za Claude Monet ilikuwamo moja aliyoichora Argenteuil mwaka uliotangulia: mteremko wa nyasi, maua mekundu ya mipopi, na mwanamke mwenye mwavuli akipita na mtoto. Inaitwa Coquelicots, na ukubwa wake ni takriban sentimita 50 kwa 65.

Vipimo hivyo vina maana. Saluni ilitukuza picha za vita, miungu na wafalme, nyingine kubwa kiasi cha kufunika ukuta mzima wa jumba la serikali. Coquelicots inaenea vizuri juu ya kochi. Wanaolalamika kwamba imeshushwa hadhi kwa kuuzwa leo kama pambo la sebuleni wanasahau kuwa sebule ndiyo ilikuwa makao yake tangu mwanzo. Kilichobadilika ni sebule ya nani.

Biashara ya nakala ilikuwa imeshamiri hata kabla ya maonyesho hayo. Kampuni ya Adolphe Goupil ilikuwa na kiwanda Asnières, kando ya Paris, na maduka katika miji kadhaa ya Ulaya. Vincent van Gogh aliajiriwa katika duka lake la The Hague mwaka 1869, akiwa na miaka 16, na nakala zilikuwa sehemu kubwa ya bidhaa alizouza. Aliyenufaika zaidi ni Jean-Léon Gérôme, mkwe wa Goupil mwenyewe. Nakala nyingi za wakati huo zilikuwa za wino mmoja, na picha za Gérôme zilihimili hilo kwa sababu zilisimulia kisa: rangi ikiondoka, kisa kinabaki. Iondolee Coquelicots rangi, utabaki na madoa ya kijivu kwenye nyasi za kijivu. Mfanyabiashara Paul Durand-Ruel, mlezi mkuu wa kundi la Monet, alijaribu mwaka 1873 kutoa mkusanyo wa nakala 300 za picha alizokuwa nazo, zilizochongwa kwa asidi kwenye mabamba ya metali. Haukuwa usanii mbaya, lakini haukuweza kuonyesha kile kilichowafanya wachoraji hao wawe tofauti.

Kisha kulikuwa na ugomvi wa fremu, ambao haukumbukwi inavyostahili.

Desturi ilitaka dhahabu, tena nzito, yenye nakshi za majani na makombe. Wanunuzi waliitarajia, na Durand-Ruel aliwapa. Lakini Camille Pissarro na Edgar Degas, wachoraji wa kundi hilo, walikuwa na hoja ya macho. Mkemia Michel-Eugène Chevreul, msimamizi wa upakaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, alikuwa ameeleza mwaka 1839 jinsi rangi mbili zikikaa ubavu kwa ubavu kila moja inavyobadilisha mwonekano wa mwenzake. Dhahabu kando ya anga ya samawati, basi, si kitu kisicho na athari. Katika maonyesho ya kundi ya mwaka 1877 wawili hao walileta fremu nyeupe. Mwaka 1879 mwenzao Mary Cassatt alitumia nyekundu na kijani. Mwaka uliofuata Pissarro alitundika picha zake za kuchapa juu ya karatasi ya manjano ndani ya fremu za zambarau. Wakosoaji walicheka, na wanunuzi, mara tu picha zilipofika nyumbani, walizivua fremu hizo na kuzivisha dhahabu. Ndiyo maana fremu nyingi za asili zimepotea, na hasara hiyo inauma, kwa sababu fremu ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Rangi ilikuja kuokolewa na jelatini. Katika mbinu ya kolotaipu, kioo hupakwa jelatini iliyotiwa kemikali, kisha humulikwa kupitia negativu. Palipopigwa na mwanga hukakamaa na kushika wino. Palipobaki laini hunywa maji na kuukataa. Kwa kila rangi hutengenezwa bamba lake, na karatasi hurudi mtamboni tena na tena. Kazi ilikwenda polepole na mabamba yalichakaa upesi, lakini mpito kutoka rangi moja hadi nyingine ulikuwa laini, bila vitone. Kampuni ya Medici Society ya London, iliyoanzishwa 1908, ilijijengea jina kwa nakala za namna hii. Baadaye ofseti ya rangi nne ilishusha bei. Itazame nakala ya ofseti kwa lenzi: anga la Monet ni vitone vya sayani, majenta, manjano na nyeusi vilivyopangwa karibu karibu, na jicho ndilo linalovichanganya. Wachoraji walioweka rangi safi kando kando badala ya kuzikoroga walikuwa wamelitegemea jicho hilohilo.

Leo vizuizi vya kisheria ni vichache. Renoir, mchoraji mwenzake Monet, alifariki 1919, Monet 1926, na hakimiliki za kazi zao zimekwisha. Mwaka 1999 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kuwa picha ya kamera inayonakili kwa uaminifu mchoro usio na hakimiliki haizai hakimiliki mpya. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan la mji huohuo liliruhusu yeyote kutumia bure mamia ya maelfu ya picha za hazina yake. Mtu anaweza kupakua Monet usiku, akaichapisha asubuhi, na fundi akaifremu jioni. Mara nyingi fundi huyo huweka kadi nyeupe pembeni na fremu nyembamba nyeupe, na hapo Pissarro anapata alichonyimwa na wanunuzi wake.

Ukubwa ndio haujatendewa haki. Coquelicots inaweza kuchapwa kwa kipimo chake halisi bila shida, lakini maduka huiuza kuanzia saizi ya kadi ya posta hadi ya mlango. Mayungiyungi ya maji ya Monet yaliyo Orangerie, Paris, yana kimo cha mita mbili, na yote pamoja yanakaribia urefu wa mita 100. Yaliwekwa mwaka 1927 katika kumbi mbili za umbo la yai, ili mtazamaji azungukwe nayo. Kipande chake cha sentimita 40 juu ya meza ya chakula kinapendeza, ila anayekinunua anastahili kuambiwa dukani kwamba amechukua kona ndogo tu ya bwawa.