Aliyerudi kutoka Bugando: Sehemu ya Sita

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Migebuka iliungulia jikoni mpaka moshi ukatanda uani, na Idrisa alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka kwenye sufuria, anashona wavu, hana habari. Zaituni alipomkaripia, alijibu kwamba tangu ajali hasikii harufu ya kitu chochote. Kisha akaongeza maneno yaliyomfanya dada yake aangushe mwiko: "Harufu ya mwisho kuisikia ni ya mawese. Yalinimwagikia. Baba mdogo alikuwa anafuta."

SASA ENDELEA...

"Anafuta nini?" nilimuuliza.

"Mawese."

"Wapi? Anayafuta wapi?"

Idrisa aliinamia wavu wake. Ndugu yangu wa siku hizi ukimrundikia maswali, la kwanza analijibu, la pili linamtoa jasho, la tatu linamkuta ameshaondoka ingawa amekaa palepale. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote katika nyumba yetu, na bado nikamtupia la nne. Akashika kichwa upande wa kushoto, pale nywele zilipokataa kuota juu ya mshono.

"Dada, kelele," akasema.

Uani hapakuwa na kelele yoyote zaidi ya kuku.

Nikamwacha. Nikamwaga migebuka iliyoungua, nikachukua mchanga nikakwangua sufuria, nikakwangua hata pasipohitaji kukwanguliwa, huku nayageuza maneno yake.

Nilianza na harufu. Daktari wa Mwanza aliwahi kutuuliza kama mgonjwa anasikia harufu, na mimi na mama tukajibu kwa pamoja kwamba anasikia, bila kumuuliza mwenyewe. Alituambia kwamba nyuzi za kunusia hupenya kwenye vitundu vidogo sana vya mfupa ulio juu ya pua, na kichwa kikigongwa kwa nguvu zinaweza kukatikia hapohapo. Kumbe zake zilikatika. Tumekuwa tukimsema kwa kususa chakula, mama akinunua nyanya za ziada na kubadilisha samaki, kumbe mwenzetu kila sahani kwake ni ugali mtupu.

Basi kama hasikii harufu tangu ajali, ile ya mwisho aliisikia kabla kichwa hakijapigwa. Au wakati kinapigwa.

Ilikuwa Mei 2024 na ziwa ndio kwanza limefungwa. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, na kwetu uvuvi ukasimama kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Samaki walikuwa wamepungua kweli. Ila pale Kibirizi mitumbwi ilianikwa, taa za wavuvi hazikuonekana tena usiku, na mama, ambaye maisha yake yote ameuza migebuka sokoni Mwanga, akawa anaamka alfajiri kwa mazoea tu na kukaa kizingitini.

Ndipo Idrisa akaokotwa mtaroni, kando ya barabara ya kwenda Ujiji, pikipiki ya mkataba ikiwa juu ya miguu yake. Elementi ilikutwa imevikwa kiwikoni, kama wanavyofanya bodaboda wote wa mji huu, utadhani ubongo wao uko kwenye kiwiko. Trafiki wakaandika kwamba aliteleza mwenyewe. Hospitali ya Maweni wakasema damu inajikusanya ndani ya fuvu, na kwa kuwa fuvu halitanuki, damu ile inaukandamiza ubongo. Apelekwe Bugando, na apelekwe usiku huohuo. Aliyetoa pesa ni baba mdogo. Kila penye kulipa, baba mdogo alilipa, na hakuomba hata risiti.

Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Geita. Nilishika mkono wa Idrisa njia nzima. Busisi tukasubiri kivuko, daraja likiwa limesimama mbele ya macho yetu halijafunguliwa. Lilifunguliwa Juni 2025, na mwezi uliofuata, tulipompeleka kliniki, tulipita juu yake kwa dakika chache tu. Abiria wote walisimama kutazama maji. Mama alifumba macho mpaka tulipofika ng'ambo. Nilidhani ni kizunguzungu.

Bugando walimfungua fuvu, wakatoa damu iliyoganda. Aliamka baada ya muda mrefu, na siku tulipoambiwa ameamka Rusimbi nzima ilichinja, kwa maana ya kwamba kila jirani alikuja kula. Hakuna aliyetuambia kwamba kuamka ni mwanzo wa kazi. Au tuseme aliyetuambia alikuwa mmoja, muuguzi mtu mzima wa pale wodini, aliyeniita kando siku ya ruhusa.

"Mwanangu," alisema, "mfupa utapona kwa wiki kadhaa. Ubongo una miezi yake, na mingine ni miaka. Mkono wa kulia na maneno yatasumbua, kwa sababu ameumia kushoto. Vidonge vya kuzuia kifafa visikatishwe hata siku moja, hata mkimwona mzima. Kikimshika, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Na ziwani asiende peke yake."

Nikadhani amemaliza. Akanishika bega.

"Kuna jingine. Atakusimulia mambo, mengine hayakutokea. Usimwite mwongo. Ubongo wake ukikuta shimo unalifukia kwa chochote kilicho karibu, na yeye mwenyewe anaamini. Usiku wa ajali ndio msimtegemee kabisa. Saa ile hakuna kilichokuwa kinaandikwa kichwani."

Na kweli alisimulia! Alituambia amekunywa chai na marehemu baba, ambaye tulimzika mimi nikiwa darasa la sita. Alituambia wiki iliyopita alipanda Liemba kwenda Mpulungu, meli ambayo ilikuwa na miaka haijatia mguu nje ya bandari. Tulicheka, bibi akalia, kisha tukazoea.

Mengine yalikuwa magumu kuzoea. Kifafa kilimshika mara ya kwanza akitawadha, na kabla hajainuka, mtaa ulishatoa hukumu: jini wa ziwa. Bibi, mzaliwa wa Ujiji, akaandikisha kombe. Nilipompigia simu yule muuguzi nikitegemea atafoka, alisema kombe anywe, kidonge kisiachwe. Tukaishi hivyo, kikombe cha bibi mkono mmoja na kidonge changu mkono mwingine, na nakiri kwamba tangu hapo bibi ndiye mkali zaidi wa saa za dawa kuliko mimi.

Nilijifunza kumwambia jambo moja kwa wakati. Si "nenda dukani ulete chumvi na sabuni, upitie kwa mama Rehema." Chumvi. Akirudi, sabuni. Ukutani niliandika kwa mkaa leo ni siku gani. Wageni walikaa kwa zamu, kwa sababu watu watano wakiongea pamoja alikuwa anaishia kupiga ngumi ukuta. Kazi ya nyavu alipewa na mzee mmoja wa Katonga, bila malipo. Fundo lilelile, sindano ileile, vidole vya kulia vikarudi taratibu mpaka akaanza kufunga fundo bila kutazama. Mtaalamu wa mazoezi pale Maweni aliupiga picha ule wavu.

Kitu ambacho hakijarudi ni breki za mdomo. Idrisa wa zamani ungemnyonga asitoe siri. Huyu, kinachofika kichwani kinatoka. Kwenye arobaini ya jirani alimwambia mwenyekiti wa mtaa, mbele ya jamvi zima, kwamba amekula mchango wa bomba la maji. (Alikuwa ameula kweli, lakini hayo si ya leo.)

Kwa hiyo nikaupima usemi wa mawese kwa kipimo cha muuguzi. Kijana wa Rusimbi, ubongo wake ukitafuta kitu cha kufukia shimo, utapata nini zaidi ya mawese? Yako kwenye mboga na kwenye nguo. Na baba mdogo biashara yake ni hiyohiyo, anayafuata vijiji vya Simbo na kuyaleta mjini kwa pikapu, madumu kwa madumu. Chai na marehemu, Liemba, mawese. Nikatulia. Nilikuwa nimeshaanza kukata vitunguu vya mboga nyingine nilipokumbuka daftari.

Ni kaunta buku ninaloandika kila kitu: amekula nini, amelala saa ngapi, kifafa, hasira, na yale anayoyasema, hata yasiyo na kichwa wala miguu, maana kliniki wanayauliza. Huwa naandika usiku nikiwa nimechoka na sirudii kusoma. Nikafuta mikono, nikakaa kwenye kigoda, nikafungua kuanzia mwanzo.

Liemba ilikuwa imeandikwa mara nyingi. Mara imempeleka Mpulungu, mara Kalemie, mara alikuwa nahodha. Chai na marehemu baba, siku moja ilikuwa chai, siku nyingine dagaa, siku nyingine marehemu alikuwa mchanga anabebwa mgongoni. Hakuna hadithi yake iliyokaa mahali pamoja.

Kisha Novemba 2024, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Anasema gari lenye taa moja. Mawese. B/mdogo anafuta." Machi 2025: "Hakulala. Gari taa moja. Mgongo umelowa mawese. B/mdogo anafuta." Na Juni, siku chache baada ya Idi: "Mawese tena. Taa moja."

Neno kwa neno. Halijahama.

Nilijua kwamba haitoshi. Mtu anaweza kushikilia uongo uleule kwa mwaka, wazima tunafanya hivyo kila siku. Lakini pikapu ya baba mdogo iliwekwa taa mpya ya kushoto mwaka ule. Nakumbuka kwa sababu aliifunga mwenyewe, hapa uani kwetu, siku tuliyorudi na Idrisa kutoka Mwanza, na mimi ndiye niliyemshikia bisibisi.

Nikaingia chumbani kwa mama.

Nguo za ajali tulikabidhiwa kwenye mfuko mweusi, zimekatwa kwa mkasi. Mama alisema amezichoma. Sijui kwa nini sikuamini. Labda kwa sababu mama hajawahi kuchoma kitu, hata mifuko ya sukari huikunja. Chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la doti za msibani, mkono wangu ukagusa plastiki.

Shati lilikuwa limekauka likawa kama gamba. Kolani ilikuwa damu, imegeuka kahawia, karibu nyeusi. Lakini mgongoni, kutoka bega hadi kiunoni, palikuwa na rangi nyingine. Msichana yeyote aliyefua nguo Kigoma anaijua. Unaloweka, unaanika juani, unafua tena, na doa la mawese linakutazama na umanjano wake uleule. Idrisa alikuwa bodaboda, alibeba watu. Hata mara moja hakuwahi kubeba dumu la mafuta. Mwenye pikipiki alikataza.

"Rudisha."

Mama alikuwa mlangoni. Hakuuliza natafuta nini.

"Mama, hii ni nini?"

"Damu."

"Damu ni hii." Nikamwonyesha kola. Nikaligeuza shati. "Hii ni nini?"

Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Alilishika shati, akalikunja vizuri kwenye mistari yake ya zamani, na hapo nikatambua kwamba hakuwa analikunja kwa mara ya kwanza.

"Ziwa lilikuwa limefungwa, Zaituni," alisema.

"Sikuulizi habari za ziwa."

"Daktari wa Maweni alisema usiku huohuo. Usiku huohuo, si kesho. Mimi nilikuwa na nini?"

Nikafungua mdomo. Nje honi ikalia mara mbili, na sote wawili tuliijua. Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi baba mdogo huleta vidonge vya wiki na pesa ya soko. Nikasikia kigoda kikiburuzwa, wavu ukitupwa chini, kisha ile hatua ya Idrisa, mguu mmoja ukiwahi na mwingine ukifuata. Anampenda baba yake mdogo. Hajawahi kukosa kwenda kumpokea.

Mama alisimama ghafla. "Mwite. Mwite ndani!"

"Idrisa!" niliita. "Idrisa, njoo kwanza!"

"Shikamoo, baba mdogo," sauti yake ilisikika dirishani, changamfu.

"Marahaba, kijana wangu. Mkono unaendeleaje?"

"Unafunga fundo. Baba mdogo, nilitaka kukuuliza. Lile shati lako la usiku ule, mawese yalitoka?"

Mlango wa pikapu, uliokuwa unafungwa, haukumalizia kufungwa. Kuku walikuwa wanalia. Nilihesabu pumzi za mama. Kisha hatua nzito zikakatiza uani, zikapita jikoni, zikaja moja kwa moja mpaka nyuma ya pazia la mlango wetu, na kivuli cha baba mdogo kikasimama pale.

"Shemeji," aliita kwa sauti ya chini, "si tulikubaliana?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO