Chui wa Nani?

Mtu akiona mnyama asiyemjua nyuma ya nyumba yake, swali la kwanza huwa moja: huyu ni nani? Sisi tuliokulia mjini tunadhani jibu limo kitabuni, ukurasa fulani, picha ya rangi na jina chini yake. Lakini kisiwani Unguja swali hilo liliulizwa kwa namna mbili, na majibu yake hayakuwahi kukutana. Mnyama mwenyewe ndiye aliyekwisha.

Nazungumzia chui. Tusisahau kwamba Unguja haikuwa kisiwa siku zote. Bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu ndipo ilipokatwa kutoka bara, na wanyama waliokuwa upande huu wakabaki upande huu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya punda milia. Naam, punda milia Unguja! Hao walitoweka zamani. Chui akadumu. Kisiwa hakina simba, hakina fisi, basi yeye ndiye akawa mkubwa wa msituni, mla paa na kima, na kwa vizazi vingi akageuka kidogo: akawa mdogo kuliko ndugu zake wa bara, na yale mabaka yake ya mviringo yakavunjika vunjika yakawa kama madoa.

Mwaka 1932 mtaalamu Mwingereza, Reginald Pocock, aliyefanya kazi katika makumbusho ya London, alimtangaza chui huyu kuwa jamii ndogo ya peke yake, akamwita *Panthera pardus adersi*. Hilo adersi linatokana na Dk. Aders, mtaalamu wa viumbe wa serikali ya kikoloni ya Zanzibar. Bwana huyo alikuwa na bahati, kwani hata paa nunga wetu alikwisha kupewa jina lake mwaka 1918. Wanyama wawili wa Unguja, wanaojulikana na kila mzee wa Makunduchi, wakaitwa kwa jina la mgeni mmoja! Lakini hayo tuyaache. Jambo ninalotaka msomaji alishike ni jinsi utambuzi wa namna hii unavyofanyika. Inaletwa ngozi, yanatazamwa mabaka, inapimwa, inalinganishwa na ngozi nyingine. Swali ni moja: ni chui wa aina gani? Wala mtu haulizi alikuwa akiishi karibu na nyumba ya nani, au alikula mbuzi wa nani.

Vijijini ndiko maswali hayo yalikoulizwa. Kwa wenyeji, hasa kusini mwa Unguja, palikuwa na chui wa mwitu na palikuwa na chui wa kufugwa. Chui wa kufugwa, kwa imani hiyo, ana mwenyewe. Amezalishwa, amelishwa, amefundishwa, na hutumwa na mchawi aliye bwana wake kwenda kuwatisha majirani, kula mifugo, hata kudhuru watoto. Kwa hiyo mtu aliyemwona chui akikatiza uani magharibi hakuwa na haja ya kuhesabu madoa. Aliyemjua ni chui. Alichotaka kujua ni chui wa nani.

Msomaji usicheke. Hebu jiweke mahali pake. Una mbuzi watatu. Asubuhi unakuta mmoja hayupo, damu inaelekea vichakani, na mbuzi wa jirani uliyegombana naye juzi kuhusu mpaka wa shamba wamelala salama salimini. Utasema nini? Imani ile ilikuwa na kazi yake. Ilieleza kwa nini chui amekuja hapa, leo, kwangu mimi. Kitabu cha London hakikuwa na sentensi hata moja juu ya hilo.

Watafiti waliochunguza mambo haya kwa miaka mingi, Helle Goldman na Martin Walsh, wanaeleza kwamba chanzo cha mgogoro kilikuwa cha kawaida kabisa. Katika karne ya ishirini watu waliongezeka, mashamba yakapanuka, vichaka vikapungua na paa nao wakapungua. Chui mwenye njaa akasogea kwenye mabanda. Kadiri alivyoonekana zaidi karibu na nyumba, ndivyo watu walivyozidi kuamini kuwa ametumwa, maana chui wa mwitu atafuata nini uani kwa mtu? Kwa maneno mengine, kila dalili ya kwamba mnyama anaishiwa na pa kukaa ilisomwa kuwa dalili ya kwamba ana mwenyewe. Hapa ndipo ninapoona msiba wote ulipo. Wenzangu tunaoandika hadithi tunampenda sana chui wa mchawi, anatupa kurasa za kutisha kwa bei rahisi. Hatujauliza bei hiyo alilipa nani.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Katika miaka iliyofuata ikazuka kampeni ya kisiwa kizima, iliyoongozwa na mganga mfichua wachawi aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Ilikuwa na shabaha mbili zilizofungwa pamoja, kuwakomesha wachawi na kuwaua chui. Ukishakubali kwamba chui ni silaha ya mtu mbaya, basi kumwua si uwindaji tena, ni kuutetea mji. Baadaye chui alihesabiwa miongoni mwa wanyama waharibifu, na vikundi vya wasasi vilivyokubaliwa na serikali viliendelea na kazi.

Watafiti walimwona kwa macho yao mara ya mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo takwimu za serikali juu ya uwindaji zilionyesha chui wakiendelea kuuawa hadi katikati ya miaka ya 1990. Halafu likatokea jambo la ajabu kidogo. Watu wa hifadhi, wasomi wenye kamera na bajeti, nao wakaanza kuwatafuta wenye chui wa kufugwa! Hoja ilikuwa kwamba kama porini wamekwisha, huenda wamebaki kwa wafugaji, na pengine watalii wangelipa kuwaona. Walikuwapo waliojitokeza wakisema chui yupo, ila kumwonyesha kuna gharama zake. Chui hakuonyeshwa. Si leo, basi wiki ijayo. Si hapa, basi kijiji kile.

Kamera zilizotegwa Jozani nazo hazikumpata chui. Zilipata wengine. Mwaka 2003 zilimpiga picha, kwa mara ya kwanza akiwa hai, kanu wa Unguja, mnyama mwembamba mwenye madoa na mkia mrefu, ambaye wataalamu walikuwa wamempa jina la kisayansi mwaka 1998 tu. Huyu, pamoja na ngawa, anaweza kabisa kumbabaisha mtu usiku. Mwanga wa tochi ni mdogo, madoa ni madoa, na hofu hukuza. Msaada uko chini, kwenye udongo. Chui huficha kucha anapotembea, kama paka wa nyumbani, kwa hiyo unyayo wake hauna alama za kucha mbele ya vidole. Unyayo wa mbwa unazo, na wa ngawa pia. Lakini unyayo nao unajibu lile swali la London tu.

Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilitangaza kuwa kamera yake imemnasa chui akipita Unguja. Dunia ikashangilia. Wataalamu wakauliza: ni wa ukoo ule wa zamani, au ametoka bara? Picha peke yake haikutosha kujibu. Na mwaka mmoja kabla, 2017, waliopanga upya majina ya jamii ya paka duniani walikuwa wamekwisha kuwaweka chui wote wa Afrika katika kundi moja, chui wetu akiwemo. Yaani jina lile la adersi, lililotolewa kwa ngozi na madoa, likafutwa mezani, mnyama mwenyewe akiwa haonekani.

Ngozi zake zilizobaki katika makumbusho ya dunia ni chache mno. Mmoja aliyejazwa aliwekwa katika makumbusho ya Zanzibar, pale Mnazi Mmoja, ambako watoto wa shule walipelekwa kumtazama. Huko kusini bado wapo watu wanaosema wamemwona, au wamekuta mbuzi ameliwa. Ukiwauliza wanamjuaje kuwa ni chui, watakueleza. Kisha baadhi yao watashusha sauti na kukutajia nyumba aliyotoka.