Amana na Utapeli: Kuupima Ujumbe wa Simu katika Mwambao wa Rumonge

Ikisiri
Makala haya yanapinga mazoea ya kuutambua ujumbe wa kitapeli kwa sura yake, yaani jina la mtumaji na usanifu wa lugha. Yakitumia mazingira ya Rumonge, nchini Burundi, yanadai kwamba kipimo cha kutegemewa ni kitendo anachotakiwa mpokeaji akitende, na njia anayoitumia kukihakiki.

Ujumbe uliogeuka hela
Rumonge ni mji wa mawese na samaki kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac. Mfanyabiashara wa huko anaweza leo kulipwa kwa huduma za pesa za simu kama Lumicash au EcoCash bila kubeba bunda la faranga. Ushahidi wa malipo ni ujumbe mfupi, na kwa mazoea ujumbe huo umeanza kuhesabiwa kuwa ndio hela yenyewe. Tapeli hupenyea hapo.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza ndagala, samaki wadogo, wakavu. Simu inalia: "Umepokea faranga 80,000." Kabla hajamaliza kumhudumia mteja, anapigiwa na mtu mwenye sauti ya unyonge: "Mama, nisamehe, nimekosea namba. Hela hiyo ni ya dawa za mtoto. Nirudishie, Mungu atakulipa." Mama anarudisha. Hakuna kilichokuwa kimeingia. Zilizotoka ni zake, za mauzo ya wiki.

Mara nyingi husemwa kuwa anayetapeliwa ameponzwa na tamaa. Mfano huu unakanusha. Mwenye tamaa angenyamaza na kuzila hizo 80,000. Aliyeliwa ni mwaminifu, aliyelelewa kujua kuwa mali ya mwenzio iliyokufikia kwa bahati mbaya ni amana. Basi elimu inayomwonya mtu dhidi ya tamaa peke yake inamwacha mwaminifu bila kinga.

Udhaifu wa sura
Wengi hushauri tutazame makosa ya lugha. Rumonge ushauri huo unaweza kupotosha. Kiswahili ni lugha ya soko na ya mtaa, ilhali matangazo rasmi nchini Burundi huja mara nyingi kwa Kirundi au Kifaransa. Mpokeaji anaweza kuushuku ujumbe wa kweli kwa kuwa umeandikwa kwa Kifaransa asichokielewa vizuri, akamwamini tapeli kwa sababu anaongea Kiswahili cha nyumbani.

Jina la mtumaji nalo si hoja. Mfumo wa ujumbe mfupi unaruhusu jina la herufi lionekane mahali pa namba, na peke yake haumthibitishii mpokeaji kuwa aliyelitumia ndiye mwenyewe. Simu nyingi hupanga ujumbe kwa kufuata jina hilo, hivyo wa uongo unaweza kuketi chini ya ule wa kweli wa jana, katika mfululizo mmoja.

Wavuvi wa Tanganyika wanaifahamu hila hii kwa kazi yao. Usiku usio na mwezi huwasha taa juu ya maji, ndagala wakakusanyika. Mwanga wenyewe ni wa kweli kabisa. Kinachomwangamiza samaki ni wavu ulio chini yake. Anayekagua ung'avu wa taa hajaukagua wavu.

Kipimo cha kitendo
Swali la kwanza, basi, ni hili: ninatakiwa kufanya nini? Taarifa ya kweli ya malipo inaweza kusomwa na kuachwa. Ya kitapeli haina faida mpaka mpokeaji atume hela, ataje namba ya siri, au asome kwa sauti tarakimu alizotumiwa. La pili: nani amefungua njia? Salio litazamwe kwenye menyu ambayo mwenye simu ameifungua mwenyewe, kamwe si kupitia kiungo au namba iliyoletwa na ujumbe unaoshukiwa. Mtandao ukikatika, na asubiri. Haraka ni ya tapeli. Hela halali haiozi kama samaki mukeke.

Na amana je? Mwaminifu hana haja ya kuwa mkatili. Amjibu mpigaji: "Nenda kwa kampuni yako, wairudishe wao, mimi sitaigusa." Jibu hilo linatimiza wajibu wa amana na kuliziba tundu la utapeli kwa wakati mmoja, kwa kuwa aliyekosea kweli anayo njia.

Hata hivyo, njia hiyo lazima iwepo na ijulikane. Kenya, mtumaji wa M-Pesa aliyekosea huupeleka ujumbe wa muamala kwenye 456, na kampuni ya Safaricom imewatangazia wateja kuwa huwapigia kwa 0722 000 000. Tanzania, namba za matapeli huripotiwa kwa 15040. Burundi ina sheria ya makosa ya mtandao ya Machi 2022, lakini sheria huadhibu baada ya hasara. Muuza ndagala anahitaji kinga kabla: namba moja fupi, iliyobandikwa kwa kila wakala na kuelezwa kwa Kiswahili na Kirundi.

Hitimisho
Kumfundisha mtu wa Rumonge kumshuku kila anayemwomba msaada ni kuipunguza biashara inayosimama juu ya kuaminiana. Makala haya yanapendekeza kinyume chake: uaminifu ubaki, ila urudishaji wa hela upite mikononi mwa mwenye daftari, yaani kampuni.