Mfupa wa Ishango na Hesabu ya Mfululizo

Mwaka 1950, mwanajiolojia Jean de Heinzelin de Braucourt alifukua huko Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, mfupa wenye urefu wa sentimita 10 hivi. Mfupa huo, ambao sasa umehifadhiwa Brussels na unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, umechanjwa alama zilizogawanywa kwa mafungu katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, na nyingine ya 11, 21, 19 na 9, kila moja ikijumlisha 60. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, ambayo jumla yake ni 48.

Katika safu ya tatu de Heinzelin aliona kazi ya kuzidisha na kugawa kwa mbili, kwa kuwa 3 inafuatwa na 6, 4 na 8, na 10 na 5, ilhali mtafiti Alexander Marshack aliona katika mfupa mzima hesabu ya siku za mwezi mwandamo. Hoja hizo mbili, ingawa zinapingana, zinategemea jambo moja: mchanjaji alihifadhi ukubwa wa kila fungu pamoja na nafasi yake katika mpangilio.

Suala hilo hilo humkabili mtayarishaji wa programu anapohesabu vitu vinavyojirudia mfululizo na kulazimika kuchagua muundo wa data, yaani namna ya kupanga taarifa katika kumbukumbu ya kompyuta. Akipewa A, A, A, B, B, A, kamusi, ambayo huunganisha kila kitu na idadi yake, itampa A mara 4 na B mara 2, na mfululizo utakuwa umepotea. Orodha ya jozi, kwa upande wake, itaandika A 3, B 2, A 1, na mpangilio wa asili utaweza kurejeshwa. Viwango vya faksi vya mwaka 1980 vilibana zaidi: kwa kuwa vipande vyeupe na vyeusi vya mstari hupokezana, viliandika urefu wake tu, kama mfupa ulivyoandika mafungu yake.

Kwa hiyo muundo huchaguliwa kwa kuangalia swali litakaloulizwa baadaye, kwa maana Ishango ingebaki na jumla peke yake, yaani 60, 60 na 48, mjadala wa kuzidisha kwa mbili usingekuwa na pa kuanzia.