Kabla ya kujijengea gari, jifunze kuchomea chuma

Watu wa nyumbani Mombasa wakisikia kwamba najenga gari kwa mikono yangu huku Homa Bay, swali la kwanza huwa injini nimeitoa wapi. La pili ni rangi. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza nani aliyechomea fremu, na hilo ndilo lililostahili kuulizwa. Injini ikikataa, utasukuma gari kando na kupiga simu. Mshono wa chuma ukiachia penye mkono wa tairi la mbele, na wewe uko mwendo wa themanini, hakuna wa kumpigia.

Naandika haya kwa vijana wa Pwani ambao wameanza kuniuliza namna ya kuanza. Jibu langu ni moja: usianze na gari, anza na mashini ya kuchomea.

Kwanza tuelewane ni gari gani tunalolisema. Mwaka 1957 Mwingereza Colin Chapman, mwenye kampuni ya Lotus, alitoa gari dogo la wazi liitwalo Seven. Mteja aliweza kulinunua vipande vipande akaliunganisha nyumbani, na kwa kufanya hivyo akakwepa kodi iliyotozwa gari zima. Kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuliunda mwaka 1973 na bado inalitengeneza. Mwaka 1996 mwalimu mmoja wa ufundi, Ron Champion, akachapisha kitabu kilichoonyesha jinsi ya kuunda gari la sampuli hiyo kwa pauni 250, kwa mabomba ya mraba ya milimita 25 yenye ukuta wa milimita 1.6, yale ambayo dukani kwetu huitwa geji 16, na vyombo vya gari moja kuukuu. Hapo ndipo wenye mifuko myepesi duniani kote walipopata njia.

Kwetu nako jambo si geni. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa kwa wananchi. Halikufika kiwandani kwa sababu ya fedha. Baadaye ikaja Mobius ya Joel Jackson, ambayo mifupa yake ilikuwa mabomba ya chuma yaliyochomewa pamoja. Waganda wa Makerere walitoa Kiira EV mwaka 2011.

Mimi nilinunua Corolla DX ya zamani, ile inayosukuma kwa matairi ya nyuma, maana gari la sampuli ya Seven linataka hivyo. Nikanunua mabomba, mashini ndogo ya inveta, pakiti mbili za rodi, na ndani ya wiki tatu nikawa na nusu ya fremu imesimama uani. Mwana wa dada yangu, aliyekuja likizo kutoka Likoni, aliketi ndani akishika usukani wa hewa. Nilipiga picha.

Jirani yangu akamleta mzee mmoja fundi kutoka Rongo, mtu aliyetumia umri wake kuchomea trela za miwa kule Awendo. Hakusema kitu. Aliizunguka fremu, akaomba kipande kimoja cha majaribio nilichochomea siku ile ile, akakibana kwenye jiriwa akakipiga nyundo mara moja. Kikakatika penye mshono, safi kama biskuti. Ndani ya ule mkato ungeona chuma cha bomba hakijayeyuka kabisa. Rodi yangu ilikuwa imelala juu tu kama mchuzi juu ya sahani. "Omera," akaniambia, "hii umebandika, hujachomea." Kisha akamtazama yule mtoto.

Nikaikata fremu yote. Nikaenda Rongo kila Jumamosi kwa miezi saba.

Migori na Homa Bay ni mahali pazuri pa kujifunza kazi hii, pengine kuliko mjini. Migori ina kiwanda cha sukari cha Sony pale Awendo, na trela za miwa hupasuka kila msimu. Kuna wachimba dhahabu wa Macalder na Nyatike, na mapipa yao ya kusagia mawe hulika na kutaka kuchomewa tena. Upande wa Homa Bay kuna mageti, mikokoteni, tuktuk na makochi ya bodaboda. Yaani mwanafunzi hakosi chuma kibovu cha kukosea. Mzee hakunigusisha bomba jembamba kwa wiki sita. Nilianza na bamba nene la trela, nikichora mishono sambamba mpaka mkono ukaacha kutetemeka.

Anayetaka cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanza na daraja la tatu kupanda hadi la kwanza. NITA ina kituo Kisumu kwa watu wa huku, na Mombasa kwa walio Pwani. Cheti hakikufanyi fundi, lakini mtihani utakulazimisha kuchomea mbele ya mtu asiyekujua wala kukuonea haya.

Sasa kazi yenyewe. Mashini ya rodi ndiyo rahisi kupata na ndiyo ngumu kwenye bomba jembamba. Kwa ukuta wa milimita 1.6 tumia rodi ya milimita 2, aina ya 6013, kwenye ampea 40 hadi 60. Rodi ya 2.5 ambayo kila duka inayo inataka kama 70 hadi 90, na mikononi mwa mwanafunzi itatoboa bomba. Mashini ya waya na gesi ni nyepesi zaidi kwa kazi hii, lakini ina mtego: hutoa mshono mzuri wa kupendeza ambao haukuzama. Mtu aliyejifunza kwa rodi huujua mtego huo kwa macho. Jambo jingine ni stima. Jioni nguvu ikishuka mtaani, mashini hudhoofika bila kukuambia, nawe waendelea kubandika. Mimi huchomea asubuhi.

Chuma kisafishwe mpaka king'ae, rangi na kutu vitoke. Waya wa ardhi ubanwe kwenye chuma kitupu karibu na kazi. Gamba la juu ligongwe na kupigwa brashi kabla ya mshono wa pili.

Kila siku kabla ya kugusa fremu, chomea kipande cha majaribio kwa bomba lile lile na ampea zile zile, kisha kivunje. Kikikatika kwenye mshono, siku hiyo usiguse fremu. Kikipindika bomba lenyewe na mshono ukabaki, endelea. Hiki ndicho kipimo cha yule mzee, na sijapata kingine cha bei nafuu kinachokishinda. Wala usiusage mshono kwa grainda ili upendeze. Unaondoa kile kile ulichokiweka, na wakati mwingine unaficha ufa.

Kupinda ni adui mwingine. Chuma kilichoyeyuka kikipoa hujikunja na kuvuta kila kitu upande wake. Ndiyo sababu fremu hujengwa juu ya meza bapa, ikashikwa kwanza kwa pointi ndogo ndogo kila pembe, ikapimwa mishazari yote miwili, na mpaka vipimo vilingane hakuna mshono mrefu unaopigwa. Kisha unachomea kwa kuruka: pembe hii, halafu ya mkabala, halafu unangoja. Mimi nilifuata mstari mmoja toka mbele hadi nyuma, na ile fremu ya kwanza ilikuwa imepotoka kiasi cha unene wa kidole.

Macho. Mwanga wa kuchomea huunguza jicho usiku ule, si saa ile; utaamka saa nane ukihisi mchanga umejaa ndani. Kioo cha namba 10 au 11 kinatosha kwa kazi hii, miwani ya jua haitoshi hata kidogo. Mtoto anayetazama kutoka mlangoni naye huungua.

Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yaacheni. Najua ni mengi majumbani na wengi hujaribu kuyafanya fremu. Moshi wake huleta homa na baridi ya usiku kama malaria. Mafundi husema kunywa maziwa huzuia. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayafiki mapafuni. Na kama umesafisha chuma kwa dawa ya breki yenye klorini, usikisogeze karibu na mwale wa kuchomea, kwa sababu hugeuka gesi ya fosjini, ambayo huua. Tangi la petroli lililo tupu halichomewi nyumbani kabisa. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Yako mambo ambayo hata leo simruhusu mkono wangu. Vishikio vya saspensheni ya mbele na vya mikanda ya usalama nilimpa yule mzee, nikamshikia taa. Nguzo ya usukani haikatwi ikachomewa. Tafuta iliyo na urefu unaofaa kwenye gari jingine. Jamaa watakucheka kwamba gari si lako lote.

Kwa wenzangu wa Pwani kuna la ziada. Hewa ya chumvi huingia ndani ya bomba lililo wazi na kulila kutokea ndani, usione kitu mpaka rangi ivimbe. Ziba kila mwisho wa bomba kwa kipande kilichochomewa mzunguko mzima. Rodi zikae kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko. Zile za 7018 zikishanyonya unyevu hazifai mpaka zikaushwe kwenye tanuri, kwa hiyo nyumbani bora 6013.

La mwisho ni karatasi. Corolla DX haina fremu ya pekee, bodi ndiyo fremu, na nambari ya chesisi iliyo kwenye kitabu chake ni ya bodi lile. Ukilitupa bodi, usidhani kitabu kitahamia kwenye mabomba yako. NTSA ndiyo inayosajili na kukagua magari, basi nenda ukaulize wanataka nini kabla hujanunua bomba la kwanza, na weka risiti zote tangu siku hiyo, pamoja na picha za kila hatua kabla ya rangi kufunika mishono. Mimi nilianza kuweka risiti katikati ya kazi, na sasa natafuta mwenye duka mmoja wa Migori anikumbuke.